Niliwapa mazimwi wa gemu lugha ya ukweni, posa yangu ikageuka kesi

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Nina miaka sita humu ndani na kazi yangu imekuwa kusoma nyuzi za wenzangu na kucheka. Leo ni zamu yangu kuchekwa. Haya ninayoyaandika yametokea, na shahidi wangu mmoja yumo humu humu. Akiona nimeongeza chumvi atanisahihisha bila huruma.

Uzi ni mrefu kidogo. Wale wa "fupisha mkuu", chukueni maji mkae.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nafanya kazi kwenye stesheneri moja Korogwe mjini, kutoa kopi, kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Jumapili mchana hakuna wateja, na mtu asiye na wateja hukosa adabu. Ndipo mambo yote yalipoanzia.

Kwa wasiojua, kuna gemu za mezani za kuigiza. Hazina skrini. Mnakaa watu watatu au wanne, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu anachagua mhusika wake. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye mlango wa pango, ndani kunatoka moshi." Nyinyi mnasema mnafanya nini. Pakiwa na ubishi mnarusha dadu la pande ishirini. Ukipata ishirini umefaulu kupita kiasi. Ukipata moja umeumbuka.

Kitabu nilikipata kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuchapisha kurasa zake mbili, akaniachia PDF yote nijisomee. Nikaichapa yote, kurasa mia tatu, Kiingereza kigumu. Nilikisoma miezi miwili kama mtu anayejiandaa na mtihani.

Dadu la pande ishirini Korogwe halipo. Nililitengeneza kwa karatasi ya manila nikalipitisha kwenye laminesheni. Lilikuwa linapenda sana kuangukia saba. Moja lilikuwa halijawahi kuonekana.

Wachezaji wangu walikuwa wawili.

Wa kwanza Tito, fundi simu wa kibanda cha jirani. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge enzi za mashamba, akaoa hapa hapa, na Tito hajui neno hata moja la Kinyamwezi. Ila Wanyamwezi ni watani wetu Wazigua, kwa hiyo ana kibali cha kunitukana popote, hata msibani.

Wa pili Salehe, Msambaa wa Mpale, kule milimani, anauza maharage sokoni. Salehe ni kaka yake Zaina.

Sasa wakuu, Zaina ndiye mada. Gemu ni sababu tu.

Zaina anafundisha chekechea. Alikuja kutoa kopi za picha ya tembo ili watoto wapake rangi, mashine yangu ikamtoa tembo hana mkonga, akacheka badala ya kugomba. Tangu siku hiyo nilijua naoa huyo au sioi. Nasema wazi, nilimpenda na nampenda.

Nilipeleka barua ya posa. Ikarudi.

Nikapeleka ya pili. Ikarudi vile vile.

Hawakunikataa. Jibu lilikuwa moja mara zote mbili: mjomba hayupo. Kwao mjomba wa binti ana kiti chake kwenye posa, na kiti hicho hakirukwi. Mama yake Zaina ana kaka mmoja tu, Athumani, aliyekwenda machimboni kutafuta maisha Zaina akiwa darasa la pili. Hajarudi. Hajapiga simu. Hakuna aliyeleta habari zake, nzuri wala mbaya.

Kuna ndugu walishauri wamhesabu marehemu ili mambo yaende. Mama aliwajibu kwamba ambaye hajazikwa hahesabiwi, na binti yake hatoki nyumbani hapo mpaka mjomba aseme neno. Mzee mwenyewe, baba yake Zaina, alimwachia mkewe neno hilo. Mwanamke amemsubiri kaka yake miaka yote hiyo, utamwambia nini?

Kwa hiyo mnaelewa hali yangu. Nilikuwa nashindana na mtu asiyekuwepo.

Turudi kwenye gemu.

Kitabu kina jedwali la lugha. Kila jamii ya ulimwengu ule ina lugha yake moja. Watu warefu wa msituni wenye masikio yaliyochongoka wana yao. Wafupi wa chini ya mwamba wana yao. Majoka wana yao, mazimwi wana yao. Halafu ipo lugha ya wote, ambayo kila kiumbe anaijua walau ya kununulia chumvi. Hiyo haikunisumbua kichwa. Ni Kiswahili, na nadhani hata aliyeandika kitabu alikuwa anakiwaza hicho.

Zilizobaki majina yake hayatamkiki. Tito alisema hawezi kudai anajua lugha ambayo haijui, huo ni uongo na yeye anakwenda kanisani. Basi nikaamua kugawa lugha zetu.

Warefu wa msituni, wazuri, wanaishi miaka mia saba, wanapiga zeze: Kizigua. Nilijipendelea, nakiri mbele yenu.

Majoka nikawapa Kimaasai, kwa sababu mlinzi wa soko letu ni Mmaasai, anaongea sentensi mbili kwa siku na soko zima linatii.

Wafupi wa chini ya mwamba nikawaacha na Kiswahili peke yake. Tito ndiye alikuwa mmoja wao, akanuna. "Yaani mimi hata kwenye mambo ya kutunga sina lugha ya nyumbani," alisema. Nikamwambia akamuulize babu yake.

Mazimwi wakabaki na Kishambaa.

Naomba mnielewe kabla ya kunirukia. Pango la mazimwi kwenye kitabu liko mlimani, kuna ukungu, kuna baridi, kuna migomba. (Migomba niliongeza mimi.) Milimani kwetu kunaongewa nini? Ilikuwa jiografia tu. Ningekuwa Mbeya ningewapa Kinyakyusa na leo ningekuwa naandika uzi mwingine.

Salehe mwenyewe hakukasirika. Alifurahi, kwa sababu ndiye pekee ambaye angewaelewa.

Sasa sikilizeni kosa lilipokuwa.

Kitabu kinasema ukiingia pangoni mazimwi wanne wanaruka kutoka gizani na kushambulia. Nikasoma kwa sauti ya kutisha, nikasema wanapiga kelele kwa Kishambaa. Salehe akaweka kalamu chini.

"Wamesalimia?" aliuliza.

Nikamwambia ni mazimwi, wanashambulia. Akasema hajawahi kuona Msambaa, awe zimwi awe nani, anayekurukia bila kukusalimia. Hata anayekuja kukugombeza huanza na habari za watoto na za shamba. Kama hawasalimii basi hicho si Kishambaa, nitafute lugha nyingine.

Nikaona yaishe. Zimwi mkubwa akasalimia. Salehe akaitikia. Akauliza habari za nyumbani kwa zimwi, zimwi akasema ni njema, akauliza za safari. Hapo naigiza mimi, kwa Kishambaa cha mtu aliyejifunzia kwa mpenzi: najua kubembeleza na kuomba msamaha, sijui kuulizia msumari dukani.

Halafu Salehe akamuuliza zimwi ni wa wapi na jirani zake ni akina nani. Nikataja mtaa wa kijijini kwao, maana ndio niliokuwa naujua. Ikaonekana zimwi ni jirani wa shangazi yake.

Hapo vita ikawa imeisha. Utampigaje mshale jirani wa shangazi?

Jumapili tatu mfululizo tulikuwa ndani ya pango hilo. Kitabu kinasema linachukua dakika arobaini. Salehe alikuwa ameketi na mazimwi wanakula ndizi. Tito alikuwa bado amesimama nje na shoka, haelewi kinachosemwa, anauliza kila baada ya dakika kumi, "Nipige au nisipige?"

Nilichukia sana, maana nilikuwa nimeandaa joka.

Basi Jumatatu moja Salehe akaenda kwao, na wakati wa chakula akasimulia kwa furaha. Alichosema yeye ni kwamba kwenye gemu letu kuna mazimwi waungwana wanaoongea Kishambaa. Alichosikia mzee ni kwamba kijana wa Handeni anafundisha watu mjini kuwa Wasambaa ni mazimwi.

Jioni Zaina akanitumia ujumbe: "Umesema nini kuhusu sisi? Baba ameacha kula."

Nilikaa na simu mkononi kama saa nzima. Posa imerudi mara mbili kwa sababu ya mjomba, sasa nimejiongezea sababu ya tatu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa karatasi ya manila.

Baba yangu mdogo ndiye msemaji wetu. Alipiga simu Mpale kuomba tuje kujieleza. Jibu likawa tuje Jumamosi asubuhi. Kwa kawaida muoaji haendi kwenye mazungumzo ya posa, anabaki nyumbani anatafuna kucha. Safari hii nikaambiwa na mimi niwepo, na nibebe hilo gemu.

Tito akajialika. Alisema posa bila mtani ni mboga bila chumvi, na isitoshe alitaka kuona ninavyofukuzwa.

Tukapanda Mpale. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki zikawa zinatubeba kidogo na sisi tunazibeba kidogo. Tulifika suruali zina udongo mpaka magotini, na baba mdogo alikuwa hasemi na mimi.

Tukakaribishwa sebuleni. Mzee alikuwa ameketi, kofia kichwani, mkongojo kati ya magoti. Salehe alikuwa ametangulia, ameketi mlangoni. Mama alikuwa jikoni, tunasikia sufuria. Pembeni ya mzee kulikuwa na kiti kitupu chenye kitambaa cha kufuma. Sikuhitaji kuambiwa ni cha nani.

Tukasalimiana, na Mpale kusalimiana si jambo la haraka. Baba mdogo akaanza kuomba radhi kwa maneno mazuri, akimtaja mtoto na akili za mtoto. Mzee akamnyanyulia mkono.

"Kabla ya radhi nataka nione. Kijana, toa hivyo vitu. Nipeleke kwenye hilo pango."

Nikatoa kitabu, nikatoa dadu. Nikamuuliza angependa kuwa nani, shujaa wa upanga au mganga.

"Nitakuwa mimi," alisema.

Kitabuni hakuna kifungu cha mzee mwenye mkongojo. Nikamwandikia hivyo hivyo.

Nikamwambia amefika pangoni, kuna ukungu, zimwi mkubwa ametokea. Nikakumbuka, nikamfanya zimwi ampe mzee shikamoo kwanza. Mzee akaitikia. Akaanza kumjulia hali kwa Kishambaa, cha wazee, cha ndani kabisa. Habari za mke wa zimwi, za watoto, za mahindi, za ng'ombe, za mvua. Mimi nafuata kwa shida, najibu kila kitu ni chema. Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba jasho lilikuwa linadondoka kwenye kitabu.

Kisha mzee akauliza, taratibu:

"Wewe ni wa ukoo gani?"

Wakuu, kwenye kitabu mazimwi hawana ukoo. Wana nguvu kumi na sita na rungu. Lakini nilijua nikisema sina ukoo nimekwisha, kwa sababu mtu asiye na ukoo huko ni mwizi au ni kitu kibaya zaidi. Hapo ndipo ningekuwa nimewatukana kweli.

Koo za Wasambaa nilizokuwa nazijua ni mbili tu. Wa mzee mwenyewe, nao nikaogopa, nitamfanyaje zimwi kuwa ndugu yake mbele yake? Ukabaki wa pili, ambao Zaina aliwahi kunitajia kwenye simu, wa nani nimeshasahau. Nikautaja. Hapa siutaji, humu ndani kuna ndugu zao.

Ulikuwa ukoo wa mama yake Zaina.

Sufuria zikanyamaza jikoni.

Mzee akanitazama. Salehe akatazama chini. Mama akatoka, mwiko bado mkononi, mwembamba, kanga ameifunga kiunoni. Hakuniangalia mimi. Aliangalia kile kidadu cha manila juu ya meza, akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Kaka," alisema kwa Kishambaa. "Ulikuwa wapi?"

Nikamtazama baba mdogo. Baba mdogo alikuwa anakagua bati.

Nilikuwa na mambo mawili ya kufanya. Kusema "mama, nisamehe, ni mchezo tu". Au kujibu. Na macho ya yule mama hayakuwa ya mtu anayetaniwa, wala hayakuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Alijua vizuri mimi ni nani. Alikuwa anauliza tu, kwa sababu miaka yote hiyo hakupata wa kumuuliza.

Tito akaninong'oneza, "Rusha dadu."

Nilitaka kumpiga. Lakini sikuwa na wazo jingine, nikarusha. Likabiringika, likagonga kikombe, likatulia.

Moja.

Kwa mara ya kwanza tangu nilitengeneze. Kwenye sheria zetu, zimwi akipata moja wakati anajieleza, amekosa uongo wa kusema. Analazimika kusema kweli.

Nikasema, "Sijui nilikuwa wapi. Ninachojua ni kwamba sikuwepo, na nilitakiwa niwepo."

"Hata simu?"

"Hata simu."

Akatikisa kichwa pole pole. Akanyoosha kitambaa cha kile kiti kwa mkono, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Haya. Umekuja. Huyu kijana wa Handeni anamtaka Zaina. Unamjua?"

Nikasema namjua.

"Yukoje?"

Hebu jiwekeni kwenye nafasi yangu. Naulizwa habari zangu mwenyewe, mbele ya wakwe, nikiwa zimwi, nimeshapata moja, siwezi kujisifia. Na Kishambaa kinaniishia.

Nikasema ana haraka. Nikasema anapenda vitabu kuliko watu na kuna siku amesahau kula. Nikasema lugha yetu anaiongea vibaya, lakini ameanza kuiongea kabla hajaambiwa ajifunze. Nikasema hana shamba kubwa. Halafu nikasema Zaina akiumwa kichwa yeye anajua kwa sauti tu, kabla hajaambiwa, na mashine ya kopi aliitengeneza siku ile ile ya kwanza ili asimharibie tembo mwingine.

Maneno kama tembo nilichomekea Kiswahili. Hakuna aliyenisahihisha.

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, na alipoifunua kanga ilikuwa imelowa. Tito, ambaye hakuwa ameelewa hata neno, alikuwa anafuta macho pia. Nilipomuuliza baadaye akasema ni moshi wa jikoni.

Mzee aliuegemeza mkongojo ukutani. Kisha akamwambia baba mdogo kwa Kiswahili, ili sote tusikie:

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu wenu keshatujua. Kesi nimeifuta."

Akamgeukia mkewe, maana hilo lingine halikuwa lake kuamua.

Mama alisimama, akaenda kwenye kile kiti, akaliweka dadu juu ya kitambaa kwa vidole viwili. Akasema, "Mjomba amesema. Kiti kimekaliwa."

Kisha akarudi jikoni kwa sababu wali ulikuwa unaungua. Tuliula hivyo hivyo na ukoko wake. Sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Tulioana baada ya Idi. Kwenye vitu vya posa kuna blanketi la mjomba, na baba mdogo aliuliza kwa heshima kama lile tuliruke. Mama akasema kwa nini lirukwe. Blanketi lilinunuliwa, la rangi ya maziwa, lipo kwenye sanduku la mama mpaka leo. Akirudi Athumani atalikuta. Mama ameniambia asiporudi, basi ni la yule wa pangoni, huko juu kuna baridi.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Aliyeandika kile kitabu anadhani lugha unaipachika kwa kiumbe kama unavyompa rungu. Mazimwi, Kishambaa, mstari unaofuata. Haiwezekani. Ukimpa kiumbe lugha umempa na salamu, umempa ukoo, umempa shangazi, umempa dada anayemsubiri. Baada ya hapo huwezi tena kumuua kwa dadu. Mimi nilitaka kupunguza majina magumu tu.

Kwa wanaouliza, gemu linaendelea. Bado tuko pangoni. Tito ameshaingia ndani, Salehe anamfundisha salamu, na mazimwi wanasema ana kichwa kigumu ila ana adabu. Joka langu halijaguswa.

Sasa karibuni mnishushue, au mniambie: wewe mazimwi ungewapa lugha gani, na nyumbani kwenu wangekuacha upite? Wasambaa wa humu, naomba radhi mapema. Wazigua wenzangu, najua mtauliza kwa nini sisi tumepewa zeze peke yake.

Nitajibu maoni baadaye. Mama mkwe anapiga simu hapa, na lazima kwanza nisikie leo anataka kuongea na mimi au na kaka yake.